Rogi na Vagabondi

Tulimzika Tobias mwezi uliopita, Kiwalani, ndege zikipita juu ya vichwa vyetu kila mara padri alipofungua kinywa. Baada ya mazishi tuliketi kwenye viti vya plastiki nje ya nyumba yake, wakatupakulia wali na maharage, na mjukuu wake wa kike, ambaye anasoma sheria chuo kikuu, akaniletea maji ya kunawa. "Shikamoo bibi," akasema. "Wewe na babu mlikuwa ndugu?" Nikamwambia hapana. "Majirani?" Nikasema majirani ndiyo, tulipanga nyumba moja Temeke zamani, lakini tulijuana hasa mahakamani. Akacheka, akidhani mimi, mzee mwenzake babu, natania. Alipoona sicheki, akavuta kiti. "Babu alikuwa na kesi?" Kumbe Tobias, miaka yote hiyo, hakuwahi kuwasimulia. Nilimsimulia kidogo pale pale, sahani ikiwa mapajani, nikarudi nyumbani Kinondoni nikiwa bado nasimulia peke yangu. Basi na niiandike, maana sasa nimebaki mimi tu ninayeikumbuka.

Ya kwetu Newala na ya shule nitayaruka. Mwaka ninaousema ulianza na chumba. Kilikuwa cha tatu kushoto katika nyumba ya Bi Sharifa, nyumba ya ukumbi mrefu katikati na vyumba vitatu kila upande, na kuta zake zilikomea kabla ya kufika kwenye paa, kwa hiyo mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita alimwitikia. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mkalimani wa mahakama katika mwaka wa majaribio, na nilijiona mkubwa. Bi Sharifa alikuwa mjane wa ukoo wa Kiarabu, mwenye duka lililotazama barabara. Aliuza mafuta ya taa, chumvi, nyuzi za kushonea, na sukari siku ilipopatikana. Uani, karibu na jiko, alikuwa amempangisha Tobias kibanda cha makuti. Tobias alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, kijana wa miaka kama thelathini wakati huo, mchonga vinyago, mtu wa maneno machache. Alianza kugonga asubuhi mapema, na vumbi la mpingo liliingia kwenye kila kitu, hata kwenye chumvi. Bi Sharifa alimgombeza kila siku kwa ajili ya vumbi hilo na kila jioni alimpelekea sahani. Sie wapangaji tulikula tulichopika wenyewe, dagaa na ugali, kisamvu mwisho wa mwezi, lakini harufu ya mchuzi wake wa nazi ilipita juu ya kuta zile kama maneno yalivyopita.

Mahakamani nilikuwa chini ya Mzee Mfaume. Alikuwa mkalimani tangu wakati wa Mwingereza, mwembamba, kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake, na bado mwaka mmoja astaafu. Ripoti yake ndiyo ingeamua kama nitathibitishwa kazini au nitarudi kufundisha darasa la pili. Kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza. Hati ya mashtaka iliandikwa kwa Kiingereza, hakimu aliandika kwa Kiingereza, na watu waliosimama kizimbani walisema Kiswahili au lugha za kwao. Katikati tulisimama sisi. Kilichonishinda mwanzoni ni kwamba Kiingereza chenyewe hakikuwa kile nilichofundishwa na masista. Kilikuwa cha zamani, kizito, kama nguo zilizotolewa kwenye kasha la bibi wa mtu mwingine. Tulikuwa na bendera yetu na Azimio letu, lakini mwizi wetu wa kuku alishtakiwa kwa maneno ambayo hata Waingereza wenyewe, alivyosema Mzee Mfaume, hawayatumii wakiwa nyumbani kwao.

Aliyapenda maneno hayo kama watu wengine wanavyopenda njiwa. Saa ya chai tuliketi katika chumba cha majalada, yeye juu ya sanduku, mimi kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi, na tulikula mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu. Alikuwa akimeza kipande kimoja, kisha anaanza. "Alibi," alisema. "Unadhani ni nini? Ni Kilatini, binti. Maana yake 'mahali pengine.' Basi, hakuna zaidi. Mtu anasema: nilikuwa mahali pengine." Au "curfew," amri ya kutotoka nje, ambayo ni Kifaransa cha zamani cha kufunika moto, kwa sababu kengele ilipigwa jioni kila nyumba ifukie makaa yake. Nilipomweleza Bi Sharifa habari hiyo, alikuwa ameinama jikoni akifukia makaa yake kwa majivu, akasema, "Kumbe mie kila siku nawekewa amri na sijui." Na "mayhem," ambalo zamani halikuwa fujo hata kidogo. Lilikuwa kosa la kumlemaza mtu hata asiweze kujitetea vitani. Mzee Mfaume alikuwa amesoma chuo cha Kurani utotoni, kwa hiyo aliyafurahia zaidi maneno ambayo Waingereza waliyachukua kwa Waarabu bila kusema asante. "Tariff," akaniambia siku moja, uso umemng'aa, "ni taarifa. Taarifa yetu hii hii! Na arsenal, ghala la silaha, mwanzo wake ni dar, nyumba, dar ya kutengenezea vitu. Hiyo dar na Dar hii yetu ni ndugu." Nilimpelekea Bi Sharifa na hilo. Alinitazama, akaupima ukubwa wa jambo, akasema kwa kuridhika, "Niliwajua wale. Kila kitu walichukua."

Lakini neno lililonikaa sana lilikuwa "culprit," mkosaji. Mzee Mfaume alinieleza kwamba hapo kale mahakama za Uingereza zilisema Kifaransa, na mshtakiwa alipokana, karani wa mashtaka alijibu: ana hatia, nasi tuko tayari kuthibitisha. Makarani wakachoka kuandika yote hayo. Wakaandika cul, kipande cha neno la hatia, na prit, kipande cha neno la kuwa tayari. Watu wa baadaye, wasiojua Kifaransa, wakavisoma vile vipande viwili kama neno moja, wakadhani ndilo jina la mtu aliyesimama pale. "Umeona?" akasema, akijifuta vidole. "Uvivu wa karani, na mtu akapata jina la mkosaji kabla hajahukumiwa." Aliona ni kichekesho kizuri. Nami niliona hivyo wakati ule.

Mwaka ule misako ilikuwa mingi. Nchi ilikuwa inajenga vijiji, na mjini, ilisemwa, hapakuwa na nafasi ya mtu asiye na kazi. Polisi walipita Temeke, Magomeni, Kinondoni, wakabeba watu barabarani, na kesho yake karandinga liliwashusha kwetu. Shtaka lao lilikuwa moja, kwa Kiingereza kile kile cha kasha la bibi: rogue and vagabond. Makarani walilisema kama jina la kampuni ya Wahindi: "Leo tuna rogi na vagabondi ishirini." Na Mzee Mfaume, mtu yule wa alibi na arsenal, alipopanda kuwatafsiria aliyakunja maneno yote ya hati, mistari mitano au sita, yakawa sentensi moja: "Unashtakiwa kwa kuzurura, kweli si kweli?" Mtu alifikiri kidogo. Alikuwa anatembea wakati wanamkamata, hilo halikuwa na ubishi. Akasema, "Kweli, mzee." Mzee Mfaume akageuka: "It is true, Your Honour." Hakimu akaandika. Anayefuata.

Nilimuuliza katika chumba cha majalada, kwa adabu, rogue hasa ni nini. Akasema ni lugha ya mitaani ya ombaomba wa Uingereza, na wengine hudhani limetokana na neno la Kilatini la kuomba. Na vagabond? Mtu wa kutangatanga. Na kwa nini hatuwasomei ile sehemu inayosema hana njia ya kuonekana ya kujipatia riziki? Akanitazama kwa upole. "Binti, wapo ishirini. Wote wakianza kueleza riziki zao tutalala hapa. Hakimu anataka kumaliza, polisi wanataka kumaliza, na hata wao wenyewe wanataka yaishe." Nikarudi kwenye majalada yangu. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, na ripoti ilikuwa mkononi mwake. Hata hivyo nilikuwa na hakika ndani yangu kwamba yeye ndiye amekosea, hakika ya mtu wa miaka ishirini na mmoja, na sasa nikiwa na zaidi ya sabini naona hakika ile ilikuwa sawa.

Ijumaa moja Tobias hakurudi. Alikuwa amekwenda Kunduchi, kwenye hoteli za pwani, kuuza vinyago kwa wageni. Alikuwa na mazoea ya kubeba patasi zake na tezo ndogo kwenye gunia, maana mgeni akinunua alipenda jina lake lichongwe chini ya kinyago pale pale. Kijana wa mtaani aliyekuwa naye alikuja kutuambia. Tobias aliuza vyote, akarudi na gunia lenye zana tupu, na alipokuwa anakatiza Kinondoni kwa miguu akakutana na msako. Polisi walipoona patasi walifurahi. Walisema ni za kuvunjia milango.

Nilikuwa chumbani niliposikia Bi Sharifa akizungumza ukumbini na mpangaji wa chumba cha kwanza, mama mmoja wa Kizaramo. "Wanawarudisha makwao," mama yule alisema. "Huyu kwao wapi? Ng'ambo ya mto kuna vita. Watamshusha upande upi?" Nikasikia viatu vya Bi Sharifa. Alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu, akafunua pazia bila kupiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Editha mwanangu. Wewe si ndiye unayesema kule? Basi Jumatatu mwambie hakimu huyu mtu ni fundi."

"Bibi, siwezi. Mkalimani hasemi lake. Nasema alichosema mtu, basi."

"Hata ukijua kweli?"

"Hata nikijua. Tena kwa kuwa namjua, sitakiwi hata kusimama kumtafsiria."

"Kazi gani hiyo!" akasema, akaliachia pazia. Na nilimsikia tena ukumbini, kwa sauti aliyotaka niisikie: "Kazi gani hiyo, ya kuwa na mdomo usio wako?"

Sikuwa na hasira naye. Nililala nikifikiri, na nilipoamka nilijua la kufanya. Jumapili baada ya alasiri nilitembea hadi Keko, nyumbani kwa Mzee Mfaume. Sikuwahi kwenda kwake. Alikuwa sebuleni, bila koti, na bila koti alionekana mzee zaidi. Mkewe alituletea mihogo ya nazi na samaki, kisha akaenda kuketi nyuma ya pazia, ambako nilimsikia akichambua mchele.

Nilimwambia kwamba katika watu wa kesho kuna mmoja tunayekaa nyumba moja, kwa hiyo siwezi kumtafsiria. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Umefanya vizuri kusema. Nitasimama mimi."

"Hilo ndilo linalonitisha, mzee."

Akasimamisha mkono juu ya sahani. "Unasemaje?"

"Wewe utamuuliza kama alikuwa anazurura. Naye alikuwa anatembea kutoka Kunduchi. Atasema kweli."

"Na kama ni fundi, ataeleza."

"Ataeleza lini? Hakuna anayemuuliza. Hati inasema hana njia inayoonekana ya kupata riziki. Hayo hatumwambii. Tunamwambia kuzurura. Kwa Kiswahili, mzee, hata mimi leo nimezurura kuja hapa."

Akaisukuma sahani pembeni. Nilikuwa nimekwisha kuanza, na sikuona faida ya kuishia njiani. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyenifundisha culprit. Makarani walichoka, wakakata maneno, na pale palipokatwa akatokea mkosaji. Ukanichekesha kwa hilo. Sisi na wao tuna tofauti gani?"

Uso wake ulibadilika kama uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni mbele za watu. Nilifikiri atanifukuza. Alinawa mikono polepole, akajifuta, akasema, "Mimi nilianza kazi hii kabla mama yako hajaolewa." Nikasema, "Ndiyo, mzee." "Na hakuna hakimu aliyewahi kulalamika." "Ndiyo, mzee." Hapo nyuma ya pazia sauti ya mchele ilikoma, na mkewe akasema, bila kuinua sauti, "Hakimu hawezi kulalamika, Mfaume. Yeye hasimami kizimbani." Mchele ukaanza tena. Mzee Mfaume alinisindikiza hadi barabarani, na kitu pekee alichoniambia ni, "Kesho uwahi."

Jumatatu nilimweleza hakimu kwamba namfahamu mshtakiwa mmoja, akaandika, akaniambia nikae pembeni mpaka huyo apite. Tobias alikuwa wa kwanza. Alipanda kizimbani peku, nywele zikiwa na vumbi, akanitafuta kwa macho na kuniona nimekaa. Ninajua alichofikiri: kwamba nimemtupa. Inspekta aliyeendesha mashtaka alikuwa amepanga patasi tatu na tezo mezani, kama mtu anayetandika bidhaa sokoni. Mzee Mfaume akainuka, akavuta koti lake, akasema kwa Kiingereza, "Mheshimiwa, naomba ruhusa kumsomea mshtakiwa maneno yote ya hati." Inspekta akasema wapo wengi leo. Hakimu, mtu wa makamo aliyependa ukimya, akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Kwani huwa husomi yote?" akauliza. Mzee Mfaume hakujitetea. "Leo ningependa kuyasoma yote, Mheshimiwa." "Soma."

Akasoma. Sijasikia tena Kiswahili kama kile mahakamani. Alisema taratibu, akimtazama Tobias: "Unashtakiwa kwamba wewe ni mtu wa kutiliwa shaka. Kwamba huna kazi wala njia inayoonekana kwa macho ya kukupatia riziki yako. Kwamba ukiulizwa unaishije, huna maelezo ya kutosha. Na kwa sababu hizo sheria hii, ambayo lugha yake ni ya zamani, inakuita ayari, yaani mlaghai, na mtu wa kutangatanga. Umeyasikia. Je, ni kweli, au si kweli?"

Tobias akasema, "Kutembea nilitembea. Hayo mengine si mimi." Mzee Mfaume akayageuza kwa Kiingereza, neno kwa neno. Hakimu akasema hilo si kukubali kosa, akaandika kwamba amekana, kisha akasema, "Muulize, ni njia gani ya riziki aliyo nayo, inayoonekana?"

Tobias akanyoosha kidevu kuelekea mezani. "Hizo hapo. Wamezileta wenyewe."

Watu wakacheka hadi askari akagonga sakafu. Hakimu hakucheka. Aliomba aletewe patasi moja, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mpini uliokuwa mweusi kwa mafuta ya mkono na unga wa mpingo. Akamuuliza inspekta ni mlango wa nani uliovunjwa. Hapakuwa na mlango. Inspekta akaomba kuliondoa shtaka, na Tobias akashuka kizimbani na gunia lake. Alipopita mbele yangu alisema kwa sauti ndogo, "Asante, dada," ingawa nilikuwa sijasema neno hata moja siku ile.

Yaliyofuata yanaweza kusemwa kwa ufupi. Jioni ile Bi Sharifa alipika pilau, na Tobias akala ukumbini pamoja nasi. Baadaye alihamia Kiwalani, akaoa, akachonga mpaka macho yalipomwacha. Misako haikukoma, na sheria ile ilibaki vitabuni. Mzee Mfaume alistaafu mwisho wa mwaka. Nami nilithibitishwa, na nilifanya kazi ile hadi nilipozeeka. Tangu Jumatatu ile, katika mahakama yetu, hakuna hati iliyosomwa kwa kukunjwa.

Lakini Jumatatu yenyewe ilikuwa bado haijaisha. Walikuwapo watu wengi kwenye benchi, na Mzee Mfaume aliwasomea mmoja mmoja, yote, kama alivyomsomea Tobias. Sitadanganya kwamba wote waliachiwa. Wako waliosikia kila neno wakakubali, na wako waliokana wakarudishwa rumande. Ilipokaribia adhuhuri sauti ya mzee ilianza kukwaruza. Alijaribu kukohoa, akanywa maji, sauti ikakataa. Akanigeukia mbele ya watu wote, akanipa hati iliyofuata. "Endelea wewe, binti," akasema. "Yote."

Nikasimama. Kizimbani alikuwa mama mmoja wa Kinondoni, muuza vitumbua, kanga mbili zilizochakaa, mikono imeshika ubao mbele yake. Benchi zima lilikuwa limemwona Tobias akitoka, lakini yeye bado alikuwa ameinamisha kichwa kama watu wanavyoinamisha wakisubiri kupigwa. Nikamsomea. Nilisema taratibu, nikitazama uso wake, kazi, njia ya riziki, maelezo ya kutosha, ayari, kutangatanga. Kadiri nilivyosoma ndivyo kichwa kilivyoinuka. Nilipomaliza alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kumbe ndiyo hayo niliyoshtakiwa?" akauliza.

"Ndiyo hayo, mama. Unasemaje?"

Akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Si kweli," akasema.

Nikamgeukia hakimu, nikayasema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika hadi nje kwenye baraza, naye akainamisha kalamu na kuyaandika.